TAARABU YA UWANJANI NA KISIMA KILICHONISHINDA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu



Mwalimu wetu mlezi alipogawa kazi za jarida la mwaka huu, mimi niliangukiwa na mada ya fumbo katika ushairi. Nilifurahi. Fumbo tumelisoma darasani, na katika mtihani wa muhula uliopita nililipatia alama zote: fumbo ni usemi uliofichwa maana yake, mfano huu na mfano ule, basi. Nilikadiria ukurasa mmoja utanitosha, niende zangu. Sasa nimefika ukurasa wa saba na mwalimu ananitazama kwa jicho la kuuliza. Kilichonifikisha huku ni usiku mmoja wa kaskazi niliokwenda kusikiza taarabu Ngomeni, nikaulizwa swali la maneno mawili, nikashindwa kulijibu.

Kwa wenzetu mliokuja kusoma hapa kutoka bara, Ngomeni ndiko Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, pale ambapo mkono wa bahari unaingia kwenda Bandari ya Kale. Aliyeichora ramani yake alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mtu wa mji wa Milano. (Kumbukeni Mwitaliano huyo, kwani mwingine anakuja.) Waomani waliitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Waingereza wakaifanya jela kutoka 1895 mpaka 1958. Ikawa makumbusho 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Nyanya yangu husema ami yake mmoja "alilala Ngomeni", na wala hakusudii kuwa alikwenda huko kusikiza muziki.

Basi usiku huo uwanja wa ndani ya ngome ulipangwa viti vya plastiki, jukwaa likawekwa mbele ya ukuta, na taa zikafungwa juu. Hapakuwa na paa. Ukiinua uso waziona nyota, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukipita polepole na harufu ya chumvi. Wapigaji walikuwa na udi, fidla, kibodi, dumbaki na rika. Nilikaa na nyanya na shangazi upande wa kina mama, na kiti cha pili kutoka kwangu alikaa mgeni mmoja, mama wa Kiitaliano ambaye kila mwaka huja Malindi kukimbia baridi ya kwao. Kiswahili chake cha Malindi kilipungukiwa na viambishi hapa na pale, lakini tulielewana.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa kisima. Mwimbaji alipofika ubeti wa pili, kina mama waliokuwa safu ya mbele walipiga vigelegele, mmoja akainuka na noti mkononi, na wawili wakamkumbatia mwenzao aliyekuwa amekaa kimya. Mgeni akaniinamia akauliza, "Anasema nini?"

Nikamfasiria moja kwa moja, kwa fahari, kama mtu anayejibu Karatasi ya Pili. Nikamwambia mwimbaji anasema alitia mkono kisimani, akaona maji yako mbali, na kamba yake ni fupi.

Akangoja. Kisha akauliza, "Ni hayo tu? Sasa wale mama wanalia kwa nini?"

Nilitazama. Kweli, yule aliyekumbatiwa alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nami, mzaliwa wa Mji wa Kale, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, sikuwa na jibu. Nikamwambia labda wimbo ni mzuri sana.

Nyanya alikuwa amesikia kila neno. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani, akivua viatu, ndipo akaniambia: "Mwanangu, umempa mgeni kamba, kisima umekiacha kule kule."

KISIMA CHENYEWE

Wimbo ule una wenyewe, na si haki yangu kuuandika hapa. Kwa ajili ya somo letu nimetunga ubeti wangu mwenyewe kwa kufuata wazo lile. Wataalamu wa chama wanisamehe palipo na kasoro:

Niliutia mkono, ndani ya kisima hiki,
Nikadhani ni maneno, maji yake hayatoki,
Kumbe kina chake mno, kamba yangu haifiki.

Kwanza umbo, tulimalize haraka. Mishororo ni 3, kwa hivyo ni tathlitha. Kila mshororo una mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Kina cha kati ni -no, cha mwisho ni -ki. Atakayehesabu asisahau kuwa "m" ya mkono na ya mno ni silabi peke yake; nusu ya darasa letu hukosea hapo.

Sasa maana. Nilimsomea nyanya ubeti huu kibarazani, bila kumwambia ni wa nani. Alitikisa kichwa akasema, "Huyu ameposa akanyimwa." Nikamuuliza amejuaje, wakati hamna mke wala mume wala posa ndani yake. Akaniambia kisima ni nyumba ya watu. Kutia mkono ni kupeleka barua ya posa. Watu walimwonya kwamba kule maji hayatoki, yaani wale hawaozi mtu wa nje, naye akadhani ni maneno ya watu tu. Kamba ni alichonacho mkononi: mali, jina, ukoo. Imekuwa fupi.

Nikaona nimepata. Nikaandika: kisima ni nyumba ya mwanamke, kamba ni mali. Nyanya akanichungulia daftari. "Usifunge," akasema. "Hujamwona bado aliyeinuka."

Hapo ndipo somo langu lilipoanzia upya, na ndipo nawaomba wasomaji wangu mtulie kidogo.

Tutazame neno "kina" katika mshororo wa tatu. Kina chake mno. Akiuimba mtu aliyekataliwa, huku ameinamisha kichwa, ni majuto: wale ni watu wakubwa, mimi nilijipima vibaya. Lakini ubeti huo huo akiuombea wimbo shangazi wa yule kijana aliyekataliwa, akainuka na noti, akatembea kwa madaha mbele ya mama wa msichana, "kina chake mno" inageuka kejeli: jamani, hivi nyinyi mna urefu gani hasa, mbona kisima kirefu hivyo hakina hata maji? Na akiinuka mama wa msichana mwenyewe, basi ni majivuno: leteni kamba ndefu zaidi. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani amesimama, na anamtazama nani.

Nyumbani kwetu neno la kitendo hicho ni kutuza. Msikizaji huinuka kitini akaenda mpaka kwa mwimbaji akampa pesa, wimbo ukiendelea. Vitabu vingine huandika kutunza. Kwa nje huonekana kama zawadi kwa sauti nzuri, na mara nyingi ni hivyo tu. Lakini ukitaka kujifunza, usitazame noti. Tazama njia aliyoipita mtuzaji. Kutoka kitini mpaka jukwaani kuna hatua chache, naye amezunguka viti vya upande wa pili, akapunguza mwendo mahali fulani, akainua mkono wenye noti juu kidogo, kisha ndipo akaelekea kwa mwimbaji. Pale alipopunguza mwendo ndipo penye fumbo.

Nyanya alinipa mfano wake mwenyewe. Nitausimulia bila majina, kwani pande zote mbili wana wajukuu na baadhi yao wasoma shule hii.

Ilikuwa miaka ya 1980, harusi ya jirani, mtaa wa Kibokoni. Kichochoro kilifungwa kwa turubai upande mmoja, mikeka ikatandikwa, wapigaji wakawekwa kwenye baraza ya nyumba. Nyanya alikuwa amekataa posa ya binti yake kutoka kwa nyumba moja, kwa sababu ambazo mpaka leo anasema zilikuwa nzuri. Usiku wa manane wimbo ukapigwa wa ndege aliyejenga kiota juu mno, upepo ukampukutisha. Mama wa upande uliokataliwa akainuka. Akapita na noti yake mbele ya mkeka wa nyanya, akasimama. Akasimama tu, mpaka kibwagizo kikarudi mara mbili. Kina mama wote wakaelewa. Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyetukanwa, na kesho yake hakuna ambaye angeweza kwenda kwa kadhi wala kwa chifu kusema fulani kanitusi. Ati kanitusi kwa lipi? Kwa ndege?

"Nawe ulifanyaje?" nikamuuliza.

"Nilimtuma shangazi yako kwa mwimbaji kuuliza kama anao wimbo wa mvuvi na wavu mtupu."

Alikuwa nao. Nyanya akainuka.

Hawakusemezana miaka minne. Walikuja kusemezana kwenye matanga, kama ilivyo desturi ya watu wetu, na siku hizi hupelekeana vitumbua mwezi wa Ramadhani. Lakini nyanya ananiambia kuwa hata leo wimbo wa ndege ule ukipigwa redioni, yeye huzima, na anaamini mwenzake akisikia wa mvuvi huzima pia.

Hilo ndilo jambo nililokuwa silijui nilipokuwa nikipata alama zote. Darasani tunafundishwa kuwa mshairi huficha maana na msomaji huifichua, kama mtu aliyefukia pesa na mwingine akazifukua. Katika taarabu ya uwanjani haiko hivyo. Mshairi huacha nafasi wazi, na nafasi hiyo hujazwa usiku ule, mbele za watu, na mtu ambaye pengine hajui kusoma wala kuandika. Wimbo mmoja waweza kujazwa mara mia katika harusi mia. Kwa hivyo ukiulizwa "maana ya wimbo huu ni nini?", jibu la kweli huwa: uliimbwa wapi, na nani aliinuka?

MAMBO HAYA SI YA JUZI

Msidhani kina mama wa Kibokoni ndio walioyaanza. Mombasa imezoea mashairi ya hadharani tangu zamani. Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga wakati Mazrui walipoishika ngome hii, nao wakigombana na Sultani wa Unguja na watu wa Lamu. Mashairi yake yalitoka kwenye tungo za dini na kuingia sokoni na barazani: vita, njaa, bei ya vitu, mapenzi, na vijembe kwa maadui wa mji. Mengi yake hayakuandikwa naye. Yalikaa vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na Mwingereza William Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na diwani ikachapishwa 1940. Fikirini, miaka 100 baada ya mwenyewe kufa. Shairi haliwezi kukaa vichwani muda wote huo kama halikuwa la kusemwa mbele za watu.

Kisha kulikuwa na lelemama ya kina mama. Katika karne ya 20 vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana hapa Mombasa kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu, kimoja kikitupa maneno na kingine kikijibu. Nyanya asema mama yake alikuwa katika kimoja, na hataki kuniambia ni kipi, eti nitaandika. (Haya basi, nimeandika kuwa amekataa.)

Taarabu yenyewe ilitujia kwa njia ya Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, na inasimuliwa kuwa alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja 1905. Siti binti Saad akaitia Kiswahili cha watu wa kawaida, na 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Hapa kwetu Mombasa taarabu ikapata ladha yake, nayo si ya makundi makubwa ya fidla kama kule Unguja. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, alikuwa bingwa wa udi. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alizipenda tuni za filamu za Kihindi, na maneno ya nyimbo zake nyingi yalitungwa na binamu yake Ahmad Nassir, yule yule wa Malenga wa Mvita mnayeiona maktabani. Matano Juma, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Malika: wazazi wenu watawaongezea. Kuna pia tashkota, kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo kilichobuniwa Japani 1912, ambacho kiliposhika makazi pwani yetu kikawa kama hakijapata kuwa cha mtu mwingine.

Redio ya Sauti ya Mvita, kabla ya uhuru, iliwapeleka waimbaji hawa majumbani, na baadaye kaseti za Mbwana Radio Service, dukani hapo hapo Mji wa Kale. Nyanya anazo sanduku zima. Nilizisikiza kwa ajili ya makala haya, na nikagundua kitu: katika kaseti zilizorekodiwa harusini, mara kwa mara wasikia vigelegele vinapasuka katikati ya ubeti, pasipo sababu yoyote unayoweza kuisikia. Mtu ameinuka. Kaseti imehifadhi sauti yote, isipokuwa huyo.

UWANJA NAO UNASEMA

Yule mama wa Kiitaliano tulionana naye tena wakati wa mapumziko, akanunua mahamri na kunigawia. Akanieleza juu ya mji wa Verona, huko kwao. Katikati ya mji pana uwanja mpana uitwao Piazza Bra, na kando yake pana Arena, duara la ngazi za mawe lililojengwa na Warumi katika karne ya 1. Tangu 1913, majira ya joto, watu huketi juu ya mawe hayo usiku kusikiza opera bila paa juu yao. Kabla ya kuanza huwasha mishumaa midogo, uwanja mzima ukawa kama mbingu imeshuka. Mvua ikinyesha wapigaji hukusanya fidla zao wakakimbia, na watu hungoja.

Opera ya kwanza kuimbwa hapo, 1913, ilikuwa Aida ya Giuseppe Verdi, katika kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe. Nami baadaye nilipotazama kitabuni nikakuta kuwa hiyo Aida, ambayo kisa chake ni cha Misri, iliimbwa kwa mara ya kwanza kabisa Cairo, Desemba 1871. Barghash alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake Unguja tangu mwaka uliotangulia. Yaani muziki wa Verona ule na taarabu yetu hii zote mbili zilipita katika mji mmoja, karibu zama zile zile. Nilitamani ningejua hayo usiku ule nimwambie.

Lakini alisema jambo moja lililonifaa zaidi. "Kwetu," alisema, "kila mtu anajua nani anamchukia nani kabla ya kukaa. Kitabu kinauzwa mlangoni." Katika taarabu kitabu hakiuzwi. Kitabu ni mtaa.

Ndiyo maana nimekuwa nikijiuliza kama taarabu ya Ngomeni ni taarabu kweli, au ni picha yake. Katika kichochoro cha Kibokoni au Kuze, kuta za mawe na chokaa ziko karibu hivi kwamba sauti ya udi hurudi kwako kabla haijapotea, na anayetuza na anayetuzwa na anayelengwa wote wamekuwa majirani miaka 40. Ngomeni uwanja ni mkubwa, sauti hupanda juu ikachukuliwa na upepo, lazima pawe na spika kubwa, na nusu ya watu hawajuani. Fumbo litampiga nani? Ni kama kurusha jiwe baharini.

Nilimwambia nyanya hivyo, nikiwa na hakika safari hii nimesema la maana. Akanijibu kwa kunieleza juu ya yule mama aliyelia.

Kijana wake alikuwa amekataliwa mwaka ule ule. Si kwa tabia. Kwa asili ya babu zake. Watu wa mtaa walijua, na hakuna aliyethubutu kumpa pole, kwani kumpa pole ni kukiri kuwa pana aibu. Wimbo wa kisima ulipofika "kamba haifiki", wenzake wa safu ya mbele walipiga vigelegele ili waifunike aibu ile kwa shangwe. Aliyeinuka na noti hakuwa adui. Alikuwa jirani yake, na hakumzunguka mtu. Alimpitia yeye kwanza, akamgusa bega, ndipo akaenda kutuza. Maana yake: kamba si fupi, kisima ndicho kibaya.

Wageni waliokuwapo walikuwa wengi. Kitendo kile kilifanyika mbele yao wote, chini ya taa za umeme, na hakuna aliyekiona isipokuwa waliostahili kukiona. Kwa hivyo nimefuta sentensi yangu ya kwamba taarabu ya Ngomeni ni picha. Mtaa ulikuja nayo mle ndani.

Sina hakika ya mambo yajayo. Harusi nyingi sasa hufanywa kumbini, kwenye paa na viyoyozi, na mwenye ukumbi huzima umeme saa aliyoandika katika mkataba, wimbo ukiwa umefika au haujafika. Vichochoro navyo vina pikipiki na magari. Kule Unguja tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, kwa miaka mingi lilifanyia jukwaa lake kuu ndani ya Ngome Kongwe, na watu wa kila nchi walihudhuria. Ni jambo la kujivunia. Lakini mimi ningependa kujua siku zile watu wa Malindi ya Unguja na Shangani walikaa safu gani, na kama kulikuwa na njia ya kupita mtu na noti yake kati ya viti.

KWA ATAKAYEKWENDA

Wenzangu wengi hasa wa bweni wameniuliza namna ya kuhudhuria. Nitasema machache niliyojifunza kwa kukosea.

Chagua majira. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, usiku huwa mkavu na upepo mpole. Masika yakianza, Aprili na Mei, usihangaike. Kusi likivuma katikati ya mwaka upepo huingia ndani ya maikrofoni ikakoroma kama mzee, na udi haisikiki kabisa.

Kaa pembeni, si mbele. Mbele utamwona mwimbaji, na mwimbaji hana siri. Pembeni utawaona watu.

Usiku wa kina mama harusini, simu iache nyumbani au uikabidhi mlangoni. Pale kina mama wamevua buibui zao na kuketi kwa raha, na picha moja yaweza kuvunja nyumba. Mimi nilishuhudia msichana wa rika langu akitolewa nje na simu yake, huku kibwagizo kinaendelea, na mwimbaji, wallahi, akachomeka jina la maua fulani katika wimbo likafanana sana na jina la msichana yule. Hakutajwa. Lakini hajarudi tena harusini mtaa ule.

Usiinuke kutuza kwa sababu tu umependa sauti, mpaka umeuliza. Binamu yangu kutoka Voi alifanya hivyo, maskini, akapita mbele ya mkeka asioujua, akapunguza mwendo ili avuke miguu ya watu. Tulitumia siku tatu kwenda kueleza nyumba kwa nyumba kuwa yeye ni mgeni.

Na usimuulize jirani maana wimbo ukiendelea. Kama anaijua, hawezi kukwambia kwa sauti. Ngoja mpaka nyumbani, viatu vikivuliwa.

ZOEZI LA WANACHAMA

(a) Usome tena ubeti wa kisima. Utafsiri kwanza kama maneno ya kijana, kisha kama ya mama wa msichana, bila kubadilisha neno lolote. Eleza ni nani angeinuka katika kila hali, na angepita wapi.

(b) Katika mshororo wa tatu, neno "kina" lina maana ya urefu wa kwenda chini. Mshairi hutumia neno hilo hilo kwa jambo jingine katika ushairi. Je, kisima chaweza kuwa shairi lenyewe, na kamba iliyo fupi ikawa ya msomaji? (Swali hili ni la mwalimu mlezi. Mimi bado linanishinda.)

(c) Muulize mzee mmoja nyumbani kwenu akutajie wimbo anaouzima ukipigwa redioni. Usimuulize sababu siku hiyo hiyo.

Majibu yakabidhiwe kwa katibu wa chama kabla ya mkutano wa mwisho wa muhula. Ya swali la (c) yasitajwe majina.